Muhuri Usio na Mbegu

Watu wengi husoma karatasi kuanzia juu kwenda chini. Fundi mihuri alisoma kuanzia kwenye muhuri, na mara nyingi aliishia hapo hapo. Miaka ishirini na mbili ya kuchonga mpira kwa wembe ilikuwa imemharibu. Mletee risiti, cheti cha kuzaliwa, hata kadi ya harusi, jicho lake litayaruka maneno yote kama mtu anayeruka madimbwi, litue kwenye duara la wino. Ukimuuliza harusi ni lini, hajui. Ukimuuliza aliyechonga muhuri ule alitumia mkono wa kulia au wa kushoto, atakwambia, na ataongeza kuwa wembe wenyewe ulikuwa butu.

Basi Jumanne ile, mama wa mtoto wake alipoingia kibandani na bahasha ya kaki ameibana kwapani, Fundi alijua ndani yake mna nini kabla haijafunguliwa. Walikuwa wameachana, sasa mwaka wa nne. Binti yao wa miaka tisa alilala kwa mama na kushinda kwa baba, na kila jambo lake, toka shule hadi sindano, lilihitaji kauli za wote wawili.

"Baba Kiulizo, nimeileta."

"Ile?"

"Ile. Na leo usiniambie utaiangalia. Miezi miwili unaiangalia kabla hujaiona."

Kiulizo ndilo jina walilomzoesha mtoto, maana tangu ajue kusema hajawahi kuridhika na jibu moja. Mwalimu wake naye alianza kwa kulikataa jina hilo, akaishia kulitumia.

Mama Kiulizo alikuwa muuguzi, na alizungumza kama wauguzi wanavyozungumza wanapokuwa na wagonjwa kumi wanaowasubiri. Hospitali ya ng'ambo iliyompa kazi ilikuwa imempangia tarehe. Wangeruka Alhamisi ya wiki inayofuata, yeye na mtoto. Lakini nchi ile haimpokei mtoto mwenye wazazi wawili wenye kauli halafu akaja na mmoja tu. Sharti mmoja aachie haki zake zote kwa mwenzake, kwa maandishi, mbele ya shahidi, karatasi yenyewe iwe na muhuri wa ofisi ya malezi.

"Usipoitia sahihi, mimi napita, mtoto anabaki," alisema. "Na nikibaki naye, kazi imekwenda. Nimeshakueleza yote haya kwa simu, nimekueleza kwa ujumbe, imebaki kukuimbia."

Fundi aliifungua bahasha. Alivuta taa yake ya shingo ndefu, akashusha kioo cha kukuzia juu ya karatasi. Kichwa cha habari hakukiona. Vifungu hakuviona. Aliuona muhuri wa ofisi ya malezi, na aliujua kama mtu anavyoijua sauti ya nduguye kwenye simu, kwa kuwa aliuchonga yeye, miaka minane iliyopita, kwenye meza hii hii.

Sasa hapa kuna jambo la kueleza. Kila muhuri uliotoka mkononi mwa Fundi ulikuwa na mbegu. Ndivyo alivyoiita: nukta ndogo, ndogo kuliko punje ya ufuta, kushoto kwa nyota iliyo chini ya duara. Wateja hawakuijua. Aliiweka kwa ajili ya waigaji. Mwigaji anapoiba chapa ya mtu huisafisha kwanza, na akiiona nukta ile hudhani ni uchafu, anaifuta. Kwa hiyo muhuri wa kweli wa Fundi una doa, na ule wa kughushi ni safi.

Muhuri uliokuwa mbele yake ulikuwa safi.

Akausogeza kwenye mwanga. Akapangusa kioo kwa pindo la shati, akatazama tena. Nyota ipo, ukingo upo, herufi zake mwenyewe zipo. Mbegu hakuna.

"Hii umegongewa wapi?"

"Ofisini, wapi tena? Foleni ilifika barabarani. Kuna bwana mmoja pale getini akaniona na sare ya kazi, akanihurumia. Nikampa ya chai, akaingia nazo karatasi mlango wa nyuma, akatoka nazo zimegongwa. Dakika kumi tu. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Moyo ulimruka Fundi, na tuseme ukweli, haukuruka kwa huzuni. Mzazi mwenzake alikuwa ameuziwa muhuri bandia. Waraka huu haukuwa waraka, ulikuwa karatasi yenye wino. Angeweza kuutia sahihi mara mia, na mtoto angebaki wake vile vile.

Alimwita jirani yake, muuza miwani wa kibanda cha pili, aje kuwa shahidi. Muuza miwani, mama mmoja mnene asiyepitwa na habari, alikuja akipangusa mikono na kusoma waraka kutoka kichwani hadi miguuni, midomo ikimchezacheza. Alipomaliza alimtazama Fundi kwa macho yaliyojaa maji. Fundi alikuwa ameshaweka sahihi.

"Hata husomi?" Mama Kiulizo aliuliza.

"Nimeshasoma."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, mwanamke yule. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yalibaki mdomoni hayana kazi. Alimwachia nakala moja, akaikunja ile ya kurudisha ofisini, akaitia kwenye bahasha pole pole.

"Haya. Asante, Fundi," alisema, akatoka.

Fundi. Miaka yote alimwita Baba Kiulizo, hata siku waliyogawana masufuria. Neno lile lilimchoma kidogo. Kisha akakumbuka muhuri, maumivu yakapoa.

*

Siku zilizofuata Fundi alipiga mluzi. Alichonga muhuri wa duka la dawa na wa shule ya udereva, akanunua viatu vya mtoto ambavyo mtoto hakuvihitaji, akamsalimia mpaka mdai kodi. Muuza miwani alimsikiliza kupitia ukuta wa mbao siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilimshinda, akachungulia.

"Jirani, samahani. Mtu aliyetoa mtoto wake juzi hapigi mluzi."

"Kwani sheria imekataza mluzi?"

"Haijakataza. Lakini mimi nilikosa usingizi kwa ajili yako, na wewe unaimba. Una homa?"

"Sina."

"Basi una siri," alisema muuza miwani, akarudi kwa wateja wake akiwa hana raha, kwa kuwa siri ya mwenzake ilikuwa ikimwasha kuliko upele.

Fundi alikuwa na siri kweli, na aliibeba kama mtu anavyobeba ufunguo wa akiba kwenye soksi. Hakupanga kuitumia. Ndivyo alivyojiambia. Ilimtosha tu kujua kwamba ipo. Kuhusu Alhamisi, uwanja wa ndege, na yule ofisa atakayeipokea karatasi ile, hakufikiri kabisa. Kila wazo lilipotaka kwenda huko alilirudisha kwenye duara la wino na nyota safi, na hapo alistarehe.

*

Jumamosi Kiulizo alishinda kibandani. Alikaa kwenye kigoda chake, viatu vipya miguuni, anafungua daftari kubwa ambamo baba yake hubandika chapa ya kwanza ya kila muhuri anaouchonga. Alilipenda daftari hilo kuliko kitabu chochote cha shule. Alijua kusoma herufi zilizogeuzwa kabla hajajua zilizonyooka, na ilichukua mwaka mzima shuleni kumnyoosha.

"Baba, kule kuna treni inapita chini ya ardhi. Inajuaje ni mchana?"

"Ina taa."

"Lakini inajuaje?"

"Ukifika uiulize."

"Nitaiuliza." Akafunua ukurasa. "Mama amesema wewe umekubali. Amesema umeweka sahihi haraka sana. Karatasi yangu iko wapi?"

"Si yako. Ni ya wakubwa."

"Ina jina la nani?"

Fundi akashindwa. Nakala ilikuwa chini ya sanduku la vidau vya wino, akampa. Kiulizo hakuisoma. Alikuwa mtoto wa baba yake. Alivuta kioo, akainama juu ya muhuri mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, halafu akafunua daftari kurasa nyingi nyuma mpaka akaipata chapa ya ofisi ya malezi. Aliziweka bega kwa bega. Fundi alimwona akihama huku na huku, na akatamani mteja aingie, mteja yeyote, hata wa kukopa.

"Baba, mbegu iko wapi?"

"Wino ulikuwa mdogo."

"Wino ni mwingi. Angalia nyota."

"Labda imechakaa."

"Wewe ulisema mbegu zako hazichakai, unazichonga zina kiuno kinene, hazimomonyoki." Alinyanyua uso. "Hii ni ya kuiga?"

Upande wa pili wa ukuta, muuza miwani ghafla aliacha kusogeza viti.

"Inaelekea hivyo," Fundi alisema.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Wewe ulijua lini?"

Swali hili alilijibu kwa kukohoa. Kiulizo akasubiri kikohozi kiishe. Alikuwa na subira mbaya sana, mtoto yule, subira ya kukaa na swali mpaka mwenye jibu achoke.

"Jumanne," alisema Fundi.

"Kwa hiyo tukifika uwanjani wataweka kioo kama hiki, waseme ni ya kuiga. Halafu watamfanya nini mama?"

"Sijui."

"Watamfunga?"

"Sijui, mwanangu. Sikufikiria."

Kiulizo alifikiri kwa niaba yake, mashavu yamevimba. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuwa anataka kujua tu, na hicho ndicho kilichomvua baba yake nguo.

"Na ukiweka sahihi kwenye ya kweli," aliuliza mwishowe, "mimi nitakuwa nakuitaje?"

Fundi akachukua wembe, akaangalia kama una makali, akaurudisha.

"Hilo sina jibu," alisema.

"Basi nitaliuliza kwingine," alisema Kiulizo, akafunga daftari.

*

Jumapili mchana Fundi alipanda ngazi kwenda kwa Mama Kiulizo. Chumba kilikuwa kimeshaanza kuwa cha mtu mwingine. Mapazia yameshushwa, kitanda kimeuzwa, godoro limesimamishwa ukutani. Mama Kiulizo alikuwa amesimama juu ya mizani ya kupimia uzito, amekumbatia begi kubwa, anajaribu kusoma namba zilizofunikwa na begi hilo hilo.

"Nisomee hapo chini," alisema bila salamu.

"Themanini na nne."

"Toa mimi sitini na moja. Ishirini na tatu. Sawasawa, hata nusu kilo haijazidi." Akashuka. "Kaa. Kaa juu ya begi hilo, viti vimekwenda."

Akakaa juu ya begi, magoti yamefika kidevuni, na akiwa hivyo akamweleza. Habari ya mbegu. Habari ya mwigaji anayesafisha. Habari ya Jumanne. Alitaka kuimaliza haraka, lakini habari yenyewe ilikuwa fupi na ikaisha kabla hajapata pa kujificha.

Mama Kiulizo alisikiliza mikono kiunoni.

"Ulijua. Ukaniangalia usoni. Ukaweka sahihi."

"Ndiyo."

"Ningesimama pale uwanjani na mtoto, na mabegi, na barua ya kazi, nikiitwa mwizi wa mtoto. Ulilifikiria hilo?"

"Sikufikiria mbali hivyo."

"Ulifikiria mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye muhuri."

Mwanamke akacheka, kicheko kibaya, kisha akageukia dirishani.

"Unajua nililia?" alisema akiwa amempa mgongo. "Jumanne. Nilitoka pale nikalia mpaka watu wa barabarani wakanipa pole. Si kwa sababu umekataa. Kwa sababu umekubali. Nilisema huyu mwanamume amemtoa mtoto kama anatoa risiti. Siku sita nimekuchukia kwa kunipa nilichokuomba. Kumbe hukunipa kitu."

"Kesho twende ofisini," alisema Fundi. "Tugonge ya kweli. Nitaweka sahihi upya."

"Utaweka?"

"Nitaweka."

"Kwa nini leo?"

Alitaka kusema jambo kubwa, lakini likamkimbia. "Kiulizo ameniuliza watakufanya nini," alisema. "Sikuwa na la kumjibu."

Kwenye chumba cha pili, nguo alizokuwa akizikunja Kiulizo zilikuwa zimeacha kukunjwa kitambo.

*

Ofisi ya malezi ilikuwa na dirisha moja la kioo, benchi moja, na saa ya ukutani. Walifika saa saba, zamu yao ikafika saa nane kasoro. Karani alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na mbele yake kila kitu kilikuwa kimenyooka, kalamu, rula, hata kikombe.

"Shikamoo mama," alisema Fundi.

"Marahaba. Mna shida gani?"

Mama Kiulizo alieleza. Karani hakuonyesha kushangaa wala kukasirika. Alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akakisimamisha.

"Mbona mmeshaandikishwa? Jumanne, saa nane na robo mchana."

"Mmeandikisha karatasi ya kughushi, mama," alisema Fundi kwa upole wa fundi anayemrekebisha mtu asiye wa fani. "Muhuri wake si wenu."

Karani alivuta droo, akatoa muhuri wenye mshiko wa mbao uliong'arishwa na viganja, akaugonga kwenye karatasi chakavu, akaisukuma chini ya kioo cha dirisha. "Si wetu huu?"

Fundi akainama. Nyota. Ukingo. Safi.

"Naomba niushike."

"Hairuhusiwi."

"Niliuchonga mimi."

Karani alimtazama, akatazama kulia na kushoto, akaupitisha chini ya kioo. Fundi alitoa kioo chake mfukoni, akaugeuza muhuri juu. Aliziona herufi zake, zimelala kinyume kama alivyozilaza miaka minane iliyopita. Na pale kushoto kwa nyota, mahali pa mbegu, kulikuwa na kovu dogo jeupe, limekatwa vizuri, limekwenda sambamba na mpira.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi," alisema karani, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Mwaka jana mkaguzi alilalamika kuna kidoa kinachafua nyaraka. Nikakitoa kwa wembe. Aliyeuchonga alikuwa mzembe..." Akasita. "Samahani, baba. Umesema ni wewe."

"Ni mimi."

"Na yule bwana wa getini?" Mama Kiulizo aliuliza. "Aliyeingia nazo mlango wa nyuma?"

"Mhudumu wetu. Anakula chai za watu kwa kazi anayolipwa mshahara. Nitamsema tena. Lakini waraka wenu ni halali tangu Jumanne, hauna kasoro hata moja."

Fundi aliushika muhuri kwa mikono miwili. Kwa hiyo haikuwa karatasi yenye wino. Alipokuwa anapiga mluzi, mtoto alikuwa ameshakwenda. Alipokuwa anapima viatu, hakuwa na kauli hata ya kumnunulia dawa ya kikohozi. Siku sita alijiona amewapiga chenga watu wote, kumbe alikuwa peke yake uwanjani. Aliumia, na juu ya maumivu aliona aibu, na aibu ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Lakini kama umekuja kujiondoa, umekuja siku yake," karani aliendelea, akitoa ukurasa mmoja kwenye faili. "Mzazi ana siku saba za kubadili mawazo. Leo ndiyo ya saba. Unajaza hapa, unaweka sahihi hapa, waraka unakufa. Dirisha nalifunga saa tisa."

Ilikuwa saa nane na dakika tano. Vidole vya Mama Kiulizo vilikuwa vimeshika ukingo wa dirisha, na alimtazama Fundi kama ndugu za wagonjwa wanavyomtazama yeye kila siku anapotoka chumba cha ndani.

Fomu ilikuwa pale, imenyooka. Kalamu ilikuwa pale, imefungwa kwa uzi.

"Mama," alisema Fundi, "naomba unisomee ule waraka."

"Hujui kusoma?"

"Najua. Sikusoma."

Karani alivaa miwani, akasoma kwa sauti ya ofisini. Kwamba mzazi anayeachia hatakuwa na kauli juu ya mahali mtoto atakapoishi. Hatakuwa na kauli juu ya shule yake. Hatakuwa na kauli juu ya matibabu yake. Hatakuwa na kauli juu ya safari zake, ndani au nje. Kila kifungu kilipoisha, Fundi aliuliza.

"Nikimpigia simu?"

"Sheria haikatazi simu. Haikupi haki ya kupokelewa, basi."

"Akiugua, nitaambiwa?"

"Si lazima."

"Nitamwambia," alisema Mama Kiulizo.

"Nasema kwenye karatasi," alisema karani. "Kwenye karatasi si lazima."

"Akija mwenyewe kunitafuta akiwa mkubwa?"

"Akifika umri wake, karatasi hii haina kazi tena."

"Miaka tisa mingine," alisema Fundi. Alikuwa mtu wa kupiga hesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, na alipiga. Kisha akaisukuma fomu ya kujiondoa chini ya kioo, kurudi ndani, na muhuri juu yake.

"Hii irudishe, mama. Karatasi ni mali."

"Umeelewa unachofanya, baba? Mara hii umeelewa?"

"Mara hii nimeelewa."

Akakirudisha kioo chake mfukoni.

Kiulizo alikuwa benchini, miguu haifiki chini, anawatazama. Mama yake akamshika mkono. "Twende."

"Ngojeni kwanza wafunge," alisema Fundi, akakaa. "Nikitoka sasa nitarudi mbio. Najijua."

Basi wakakaa, watatu, kwenye benchi la watu wanne, wakitazama saa. Watu wengine walikuja dirishani na kuondoka. Mama Kiulizo alitoa chupa ya maji mkobani, akanywa, akaipangusa mdomo wake kwa kiganja.

"Baba Kiulizo," alisema, "shika, unywe."

Akapokea. Akanywa kwa pupa, maji kidogo yakamwagikia viatu.

Saa tisa kasoro dakika kumi Kiulizo alishuka benchini. Hakumwambia mtu. Alikwenda mpaka dirishani, akasimama kwa ncha za viatu vyake vipya, akagonga kioo.

"Bibi, ile karatasi yangu, pameandikwa nisimwite baba?"

Karani alikuwa mtu asiyejibu bila kuhakikisha. Angeweza kutabasamu, akasema hapana mjukuu wangu, yakaisha. Hakufanya hivyo. Alifungua faili, akatoa waraka, akavaa miwani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Akasoma kimya. Akashusha rula. Mstari baada ya mstari, ukurasa wa kwanza wote, halafu wa pili, hadi kwenye sahihi, hadi kwenye jina la muuza miwani, hadi kwenye muhuri.

"Hapana," alisema. "Hapajaandikwa."

"Na nyuma?"

Karani akaugeuza waraka. "Nyuma hakuna kitu."

"Naomba nione."

Karani akaubandika kwenye kioo, upande ule mtupu ukiwa nje, na Kiulizo akautazama kutoka juu mpaka chini, bila haraka. Kisha akageuka.

"Baba," aliita, kwa sauti iliyofika mpaka getini, "hapajaandikwa!"

Saa ikafika tisa, na karani akateremsha pazia la dirisha lake.